Lori la Msiba

Mume wangu Nicodemus alikuwa mwenyekiti wa chama cha kusafirisha maiti. Chama chenyewe kilikuwa na jina refu, Umoja wa Watu wa Magharibi Voi, kilikuwa na muhuri wa mpira na katiba iliyopigwa taipu, lakini kazi yake ilikuwa hiyo moja tu. Mluhya au Mjaluo akifa hapa, awe mkata mkonge au fundi wa reli, asilale kwenye mchanga mwekundu wa watu wengine. Atachongewa sanduku zuri, litakodiwa lori la Mulei, na atapelekwa kwao akazikwe ubavuni mwa nyumba ya baba yake. Kila mshahara ulipotoka, kila mtu alitoa chake. Hata mimi, niliyekuwa nikiuza mandazi nje ya landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, nilitoa bila kunung'unika, maana na mimi sikutaka kuzikwa Voi.

Nayasema haya mapema mtu asije akadhani nilikichukia chama. Nicodemus alikuwa na sababu yake. Kaka yake mkubwa, aliyekuwa kuli bandarini Mombasa, alikufa kabla ya uhuru akazikwa na watu wasiomjua. Nicodemus alipofika hakuna aliyeweza kumwonyesha kaburi. Alizunguka mchana kutwa kati ya matuta ya mchanga akiwauliza wachimbaji, nao wakamjibu kwamba wao huchimba tu, majina hawaulizi. Jambo hilo lilimkaa rohoni kama mfupa uliokwama kooni. Kwa hiyo alipoanzisha chama nilimwona mume wa maana, na sokoni nilitembea kifua mbele.

Aliyenitoa kwenye majivuno hayo ni mwanamke mmoja, jina lake Nanzala.

Ulikuwa mwaka ule Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika. Mpaka ulifungwa pale Taveta, na watu wetu waliokuwa wakifanya kazi upande wa Tanzania, kwenye mkonge, miwa na kahawa, wakaanza kurudi. Wengine walifukuzwa, wengine walijifukuza wenyewe kwa hofu. Walivuka kwa miguu vichakani, wakadandia treni ya Taveta, na treni ile haikuwa na mahali pa kuwamwaga ila stesheni ya Voi. Walishuka na magodoro, masufuria, cherehani, kuku kwenye kikapu, na watoto wenye vumbi hadi kwenye kope.

Wa kwanza kuwashughulikia hawakuwa serikali wala sisi ndugu zao. Walikuwa akina mama wa kanisa, Wataita, wakiongozwa na jirani yangu Wakio. Wakio alikuwa mwanamke wa Mbololo, mnene, mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka mlima wa pili. Alishusha mihogo na ndizi kutoka shambani kwake, akapika uji kwenye mapipa nyuma ya stesheni, akaponda kimanga cha muhogo na maharagwe, na kila aliyeshuka alipata bila kuulizwa kabila. Nilienda kumsaidia, nusu kwa huruma, nusu kwa aibu, kwa sababu wengi waliokuwa wakishuka walikuwa wakilia kwa lugha zetu.

"Mama Peris," Wakio aliniambia siku ya kwanza, akinitupia mwiko, "hawa watu wenu wanaangalia kimanga changu kama dawa ya minyoo."

"Wamezoea ugali," nikamwambia.

"Ugali watakula kwao. Hapa ni kwa Wakio."

Nanzala alishuka siku ya jua kali, ameshikwa mkono na binti yake Dinah, mtoto ambaye hata meno ya mbele yalikuwa hayajarudi. Ukiwatazama ungesema mtoto ndiye mzazi. Tumbo la Nanzala lilikuwa limejaa kama la mja mzito na miguu imevimba, lakini uso na mikono vilikuwa mifupa mitupu. Nilimpa uji, akapiga funda moja, akampa mtoto bakuli. Nikamuuliza kwao ni wapi. Aliposema Bunyore karibu nirukeruke pale jukwaani. Mimi ni Mmaragoli, Mluhya kama yeye. Kwetu ukimwita mbuzi wako, Mnyore aliye ng'ambo anakusikia. Nikambebea mzigo wake hadi ghala la kanisa, ambako Wakio alikuwa ametandika mikeka, na nikamchagulia pembe yenye upepo.

Maisha yake aliyasimulia vipande vipande, pumzi ikimruhusu. Alitoroka na mwanamume wa ng'ambo ya mto wao akiwa msichana, bila kumuaga mama yake, wakaishia upande wa Moshi kwenye shamba la mkonge la Mgiriki. Mahari ilipelekwa baadaye na shemeji, kidogo kidogo, kwa hiyo ndoa ilikuwa ndoa. Miaka miwili kabla ya mpaka kufungwa mume alikufa, akazikwa pale pale mwisho wa shamba. Nanzala alibaki akikausha nyuzi za mkonge mpaka tumbo lilipoanza kujaa maji, na walipoambiwa waondoke, aliondoka na mtoto na blanketi moja.

Kulikuwa na ofisi iliyokuwa ikitoa waranti za treni kwa waliorudi, wasafiri bure hadi kwao. Nilimpeleka mimi mwenyewe, tukipumzika kwenye kila kivuli. Karani alitaka kipande, yaani kitambulisho. Wakati ule kipande kilikuwa cha wanaume. Mwanamke alijulikana kwa kipande cha mumewe, na cha mume wa Nanzala kilikuwa kimezikwa naye mfukoni mwa shati.

"Basi aje mume mwenyewe," karani akasema.

"Nimekuambia amekufa."

"Basi alete barua ya chifu wa kwao."

"Chifu wa kwao yuko Bunyore."

"Si aende akailete?"

Nilimtazama nikidhani anatania. Hakuwa anatania. Alikuwa tayari ameita mtu aliyefuata kwenye foleni.

Na hata waranti ingepatikana, daktari wa hospitali alikuwa ameshatuambia kwamba ini la Nanzala limeharibika, na kwamba hawezi kukaa kwenye ubao wa daraja la tatu kutoka hapa hadi Nairobi, abadilishe treni, akae tena hadi Kisumu. Angeanguka njiani. Alichohitaji ni gari la kumlaza chali. Akina mama wa kanisa wangeweza kuchanga nauli ya treni, lakini kukodi gari zima hadi magharibi kulikuwa nje ya uwezo wao. Fungu lao lilikuwa likiishia kwenye mapipa ya uji kila siku Mungu aliyoleta.

Nanzala hakuwa mtu wa kuomba. Aliomba kitu kimoja tu.

"Dada," aliniambia, nikiwa namkanda miguu, "mimi nikifa nizikeni hata hapo kando ya reli. Mume wangu yuko kwenye shamba la Mgiriki na sijasikia akilalamika. Lakini kama bado naona, nataka nimwone mama. Nimwone, anione, anigombeze kwa vile niliondoka bila kumuaga. Nikishagombezwa nimemaliza."

"Utamwona," nikasema. Nilisema kwa kinywa kipana, maana mume wangu alikuwa mwenyekiti wa chama chenye lori.

Jioni ile nilimsubiri Nicodemus amalize kula. Nikamwambia kuna mwanamke wa Bunyore kule ghalani, ndugu yetu kabisa, na hana namna ya kufika kwao.

"Amekufa?" akauliza.

"Hajafa."

"Sasa chama kinaingiaje hapo?"

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama fundi wa viatu aliyeletewa kofia. Nikamweleza habari za tumbo, za daktari na za mama mtu. Alisikiliza, akasema pole, akasema kesho atapita kumjulia hali, na kweli alipita na pakiti ya sukari. Nicodemus hakuwa mtu wa roho mbaya. Ndiyo maana mambo haya yananiuma hadi leo. Mtu wa roho mbaya ningemlaani nikapumzika.

Zikapita wiki chache. Tumbo la Nanzala likatolewa maji hospitalini, likajaa tena. Kisha Mzee Asava, mlinzi wa estate ya mkonge, akaanguka getini akafa. Mzee Asava alikuwa Mmaragoli. Lori lingefika Maragoli, na kutoka pale hadi kwa mama yake Nanzala ni mwendo wa kwenda kuchota maji. Nitasema ukweli, niliposikia mzee amekufa moyo wangu uliruka kwa furaha. Mungu anisamehe, lakini ndivyo ulivyoruka.

Chama kilikutana Jumamosi mchana kwenye darasa la watoto wa estate, wanaume wakubwa wamekaa kwenye viti vya chekechea, magoti yamefika kidevuni. Wanawake tulisimama nyuma. Mambo ya Mzee Asava yalipokwisha, nikanyoosha mkono, nikawaambia kuna mgonjwa, ni mtu wetu, lori lina nafasi, hatuombi hata senti, tunaomba sehemu ya kutandika godoro.

Aliyenijibu ni Oduor, katibu. Oduor alikuwa seremala, ndiye aliyechonga masanduku yote ya chama, mtu mpole anayeogopa polisi kuliko simba.

"Shemeji, hebu sikiliza," akasema. "Kibali tulichonacho ni cha maiti mmoja. Huyu mama akikata roho hapo Mtito, ama Nakuru, polisi wakifungua lori wakute wawili, mimi nitasema nini? Nitasema wa pili tuliokota?"

Watu wakacheka.

"Akifa nitaeleza mimi," nikasema. "Nitakuwa naye."

"Lakini katiba inasema lori la msiba halibebi abiria."

"Na wale wajumbe sita mliowachagua sasa hivi, wataenda kwa miguu?"

"Wale si abiria, shemeji. Ni wasindikizaji."

"Basi mwandikeni na yeye msindikizaji."

"Msindikizaji wa kusindikizwa!" mtu akadakia kutoka pembeni, na darasa zima likaangua kicheko. Vile viti vidogo vikalia chini yao. Nilisimama pale nikiwatazama, watu niliowapikia, watu ambao wake zao niliwazalisha kwa mikono hii, na nikaona kweli hawakuwa na neno baya moyoni. Walikuwa wakicheka tu.

Nicodemus alinyamazisha kelele. Alipoanza kuongea alinitazama kama ananiomba nielewe.

"Mama Peris, mimi mwenyewe nimemwona yule mama. Naumia. Lakini tukimbeba mgonjwa mmoja leo, kesho stesheni yote itakuwa mlangoni kwangu. Watu ni wengi pale. Pesa za waliokufa zikiliwa na walio hai, siku yako wewe ikifika hakutakuwa na petroli. Nitakuzika wapi?"

Ikapigwa kura kwa mikono. Hata wanawake wenzangu waliinua mikono kukataa, wakiwa wanatazama sakafu.

Sikukubali. Asubuhi ya safari, mimi na Wakio tulimbeba Nanzala kwa blanketi, mmoja kichwani, mmoja miguuni, Dinah nyuma na kifurushi, tukamweka kando ya barabara karibu na karakana ya Oduor ambapo lori lilikuwa linapakia. Nilifikiri wakimwona kwa macho watashindwa. Mkono ni rahisi kuinua ukiwa darasani, mtu hayupo.

Sanduku la Mzee Asava lilikuwa limekwisha kupandishwa, limefungwa kamba katikati. Wajumbe walikuwa wamekaa kwenye mabenchi huku na huku, na nyuma yao kreti za soda, redio na debe la mandazi yangu mwenyewe waliyonunua kwa safari. Kati ya sanduku na kreti palibaki nafasi ya kulaza watu wawili. Mulei, mwenye lori, Mkamba asiye na maneno mengi, alimtazama Nanzala, akanitazama mimi.

"Mimi sina shida," akasema. "Nafasi iko. Lakini leo lori si langu, ni la chama."

Nicodemus akashuka. Alikuja hadi pale chini, akavua kofia, akachuchumaa mbele ya Nanzala.

"Pole sana, mama," akamwambia. "Mungu atafungua njia."

Kisha akapanda. Oduor alijifanya anakagua kamba. Lori likatoka, likaelekea barabara ya Nairobi, na vumbi lake likatukalia sote wanne.

"Linaenda Maragoli?" Nanzala akauliza.

"Ndiyo."

"Nikishuka Luanda, sokoni kwetu Bunyore, kutoka pale ningeweza hata kutambaa."

Wakio ndiye aliyelipuka. Alisema maneno kwa Kidawida, lugha ya Wataita, ambayo sikuyaelewa yote na niliyoyaelewa siwezi kuyaandika. Kisha akageukia Kiswahili ili nisikose. "Nyinyi watu wa magharibi mnapendana mkishakufa. Mkiwa hai hamjuani."

Tulishika pembe za blanketi, tukamrudisha ghalani.

Nicodemus aliporudi kutoka mazishini alinikuta nimehamishia mkeka wangu kwenye chumba cha binti yetu Peris. Alieleza jinsi watu wa Maragoli walivyofurahi, jinsi mjane wa Asava alivyowashika miguu kwa shukrani, na ng'ombe aliyechinjwa alivyokuwa mnono. Nikamuuliza kama walifika karibu na Bunyore. Akasema siku ya pili waliendesha lori hadi soko la Luanda kununua ndizi za kurudi nazo. Nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi, kwa sababu ningebaki mle ndani ningemrushia sufuria.

Nanzala hakukaa sana baada ya hapo. Sisemi lori ndilo lililomuua. Ini lilikuwa limeharibika na daktari alisema mapema. Lakini kabla ya siku ile alikuwa akiniuliza barabara, milima, kama mto wa kwao una daraja siku hizi. Baada ya siku ile hakuuliza tena. Alimfundisha Dinah jina la bibi yake, la kijiji, la mlima ulio nyuma, akamrudisha kila anapokosea, na mtoto akawa anayataja huku akiruka kamba nje ya ghala. Wakio alimlisha kimanga laini kwa kidole kama ndege. Alikufa hospitalini saa nne asubuhi, Wakio akiwa amemshika mkono na mimi nikiwa nachoma mandazi. Dinah ndiye aliyekuja kuniita. Alisimama mbele ya karai la mafuta akaniambia mama amekataa kuamka.

Na sasa ndipo nilipokiona chama changu.

Kabla ya saa saba mchana Nicodemus alikuwa ameomba ruhusa kazini. Kabla ya jioni darasa la chekechea lilikuwa limejaa hadi madirishani. Nanzala hakuwa mwanachama. Hakuwahi kutoa hata senti. Hakuna aliyelitaja hilo. Watu ambao hawajawahi kununua chai ya mwenzao walikuwa wakisukumana kutoa mchango. Wajaluo wa karakana ya reli walileta wao, na wakata mkonge wakaleta wao. Oduor alisimama akasema ana mbao alizokuwa akitunza kwa ajili ya kabati la mteja, mbao safi, na atazichonga bure, na atatia kioo kidogo juu ya uso ili wazazi wamwone binti yao. Alikuwa na machozi kabisa. Watu wakampigia makofi.

"Hakuwa mwanachama," Nicodemus akasema, "lakini ni damu yetu. Tukimwacha azikwe hapa na wageni, tutajiitaje watu? Hatuwezi kumtupa kwenye mchanga huu."

Wakio alikuwa amesimama mlangoni, amekuja kuuliza nguo za maiti. "Mchanga wetu una nini?" akauliza. "Mbona mnalima ndani yake?"

Nikapita mbele. Sikunyoosha mkono safari hii.

"Yule mtu alisema mwenyewe azikwe popote, hata kando ya reli," nikasema. "Nilimsikia kwa masikio yangu. Mzikeni hapa, pesa hizi mpeni mtoto aende kwa bibi yake akasome."

"Hayo ni maneno ya mgonjwa, Mama Peris," Nicodemus akasema taratibu. "Mtu akizidiwa husema lolote."

"Na alipotaka kumwona mama yake? Siku hiyo maneno yake yalikuwa ya nani? Mlikuwa na lori. Mlikuwa na petroli. Mlimwacha barabarani mkaenda kununua ndizi Luanda!"

Wengine wakainamisha vichwa. Nilifikiri nimewafikia. Kisha mzee mmoja akaguna, akasema msiba si mahali pa kugombana, na mwingine akasema mama ana uchungu, aachwe, na mama mmoja akanishika mkono kwa upole akanikalisha. Wakaendelea na kuhesabu wasindikizaji. Wote walitaka kwenda.

Nilienda na mimi, kwa sababu ya Dinah. Hatukuulizwa kibali chake wala chini ya kifungu gani anapanda. Alikuwa mtoto wa marehemu, akapewa nafasi ya mbele kabisa, ameegemea sanduku la mama yake. Njia nzima akina kaka waliimba tenzi. Mulei alikuwa ametandika godoro nene nyuma ya lori, wasindikizaji wapokezane kunyoosha mgongo, maana safari ni ndefu. Mimi sikulilalia.

Kwetu mwanamke aliyeolewa huzikwa kwa mume, hata kama mume mwenyewe amelala Moshi. Kwa hiyo tulimshusha kwa shemeji yake, upande wa pili wa mto kutoka kwao. Tangazo la redio lilikuwa limetutangulia na boma lilijaa. Mama yake alivuka mto na wanawake wa ukoo wake, kizee kidogo, mkavu, miguu mitupu. Alipelekwa kwenye sanduku, akainama juu ya kile kioo cha Oduor. Alikaa hivyo kwa muda mrefu, pumzi yake ikikitia ukungu kioo, naye akikifuta kwa kiganja ili aone tena. Hakulia kwa sauti kama wengine.

Nicodemus alihutubia. Alisema chama chetu hakimwachi mtu wake ugenini. Alieleza umbali, alieleza gharama, alieleza moyo wa umoja. Watu wa boma walishangilia, shemeji mtu akasimama akamshika mkono kwa mikono miwili, akasema hawajawahi kuona upendo wa namna ile, na jioni fahali akachinjwa. Dinah alikabidhiwa kwa baba yake mdogo, maana ni mtoto wa boma lile. Bibi yake aliruhusiwa kukaa naye siku ile, na nilimwona mtoto akimtajia majina yote aliyofundishwa, la kijiji, la mlima, la bibi mwenyewe, na kizee akiitikia kila moja.

Asubuhi yake, lori likiwa limekwisha kuwashwa na wajumbe wanapanda, kizee akanifuata.

"Wewe ndiwe uliyekuwa na mwanangu?"

"Ndimi, mama."

"Aliacha neno?"

Nikamwambia. Alitaka akuone. Alitaka umgombeze kwa vile aliondoka bila kukuaga.

Alicheka kidogo, na machozi yakashuka wakati huo huo. "Ningemgombeza kweli," akasema. "Nilikuwa nimeyaweka maneno tayari, mengi, ya miaka yote." Kisha akageuka, akawa analitazama lori. Alitazama mabenchi, kreti, wanaume waliokuwa wakivutana mikono kupanda, na godoro lililokunjuliwa nyuma.

"Hili ndilo lililomleta?"

"Ndilo."

"Sasa linarudi huko na nyinyi wote?"

"Linarudi na sisi, mama."

"Na wakati ule anaumwa, halikuwahi kuja huku hata mara moja?"

Nicodemus alikuwa juu ya lori, ameinama, amenyoosha mkono anipandishe. Alisikia kila neno. Alinitazama, na katika miaka yote ya ndoa yetu sijawahi kuona mume wangu akiniomba kitu kwa macho kama alivyoniomba pale. Oduor alikuwa akichunguza kucha zake.

"Lilikuja," nikasema. "Lilimleta mzee mmoja wa Maragoli."

"Lilikuwa limejaa?"

"Hapana, mama. Lilikuwa na nafasi."

Akaitikia kwa kichwa, mara mbili tatu, kama mtu aliyeonyeshwa njia. Akakaza leso yake kiunoni, akageuka, akashika njia ya mtoni peke yake. Hatukumwita. Mkono wa Nicodemus ulikuwa bado umenyooshwa juu yangu. Nikaushika nikapanda, kwa sababu Voi ilikuwa mbali na sikuwa na nauli.